Mkunjo

Zima kiyoyozi, Thani. Najua, ni Julai,
na Al-Khudh usiku huu haina hata upepo wa kukopesha.
Lakini lile dude la darini likinguruma
sindano yangu hutetemeka kama mwongo mbele ya kadhi,
na ninachokipima hakistahimili hata kikohozi.

Waya huu wa dhahabu niliununua Matrah, kwa Valabji.
Akauliza, "Hereni au kikuku?"
Nikamwambia, wa kugusisha na kuachanisha.
Alicheka, akanipunguzia riali mbili,
akidhani nazungumzia ndoa.

Hakukosea sana.
Ncha inashuka, inagusa bamba la dhahabu, inainuka,
inagusa, inainuka, mara elfu nne kwa usiku,
na kila inapoinuka, ndani ya ufa
mnyororo mmoja wa peptidi
unadaka huku na huku kwa vidole vya salfa
na umeme unavuka.
Au hauvuki.
Asidi amino nne tu. Tano, siku nikiwa na tamaa.
Shanga ambazo hata sisimizi akivishwa hazioni.

Nilifundishwa kwamba njia ndefu hula mkondo:
ongeza shanga moja, umeme unapungua,
ongeza ya pili, unabaki mnong'ono.
Nimeiandika sheria hiyo ubaoni kwa Kiarabu,
nikaitetea kwa Kiingereza mbele ya wageni Doha,
na kwa Kiswahili nikamweleza mama, jikoni Sib.
"Ndivyo," akasema, hakugeuka.
"Hata mchuzi ukipitishwa vyombo vitano
unafika wa mwisho baridi."

Basi hiki nini?
Tazama skrini, Thani. Vilima viwili.
Kimoja kidogo, kitiifu, pale kilipoagizwa.
Cha pili juu yake mara kumi na ushei,
na mnyororo ni uleule, urefu uleule.
Juma zima nilikiita uchafu.
Nikaosha vyombo kwa asidi, nikabadili waya,
nikamkaripia hata mfagiaji, Mungu anisamehe;
kilima kikakaa palepale
kama mgeni asiyeelewa miayo ya mwenyeji.

Ni mkunjo.
Ukinyooshwa, mnyororo hutembeza umeme kituo kwa kituo,
kila kituo kinatoza chake.
Ukijikunja, pindo linagusa pindo,
haidrojeni ya huku inashika oksijeni ya kule,
na umeme unapata kichochoro.
Nimemtia prolini katikati, yule mwenye goti gumu,
kilima cha juu kikavimba.
Nimemtoa, nikaweka glisini mlegevu,
kikanywea.
Nikamrudisha.
Hapo ndipo nilipokaa sakafuni, jasho mpaka kwenye soksi,
nikawa nacheka peke yangu.

Samaki mkunje angali mbichi:
kwetu methali hiyo ilisemwa fimbo ikiwa karibu.
Hakuna aliyeniambia kuna kitu
kinachopita kwenye samaki aliyekunjwa
kisichopita kwa aliyenyooka.

Bi Ghaniya, miaka thelathini anashona kofia,
tundu kwa tundu, karibu na dirisha,
na mgongo wake umefuata sindano.
Nimempeleka hospitali tatu wamnyooshe.
Wala sisemi mama ni peptidi, angenitandika.
Nasema tu kwamba jana,
nikimpigisha yale mazoezi ya daktari,
alisema, "Mwanangu, niache nilivyo,
nikikaa hivi uzi nauona,"
nami nikamwambia anyooke.

Haya, washa kiyoyozi.
Ona mistari inavyopagawa.
Usiandike hitimisho; andika tarehe, joto, na jina la asidi.
Kesho tunatia prolini wawili,
na sijui, Thani,
sijui kabisa kama watakubaliana pa kupinda.